Kilo Moja ya Umande

Hombolo, kreti za zabibu hupita mikononi mwangu.
Misimu tisa napima; najua zabibu za alfajiri
huja na umande, na umande nao una kilo zake.
Mnunuzi mjanja husubiri jua.

Lakini Jumatatu, mizani ya bafuni iliponiambia
themanini na mbili,
ilhali jana yake themanini na nusu,
nilitaka kumpa Mama Chilongani
akapimie kuku wake.

Kisha nikakumbuka: mlenda wa jana ulizidi chumvi,
bomba lilitoa maji usiku, nikanywa kama ng'ombe wa kiangazi,
na siku zangu za mwezi zilishabisha hodi.
Huo ni umande, Mwaja.
Umande.

Sasa napima Jumamosi tu:
nikitoka msalani, kabla ya chai, khanga ileile,
saruji palepale, penye ufa.
Naandika nyuma ya kalenda ya ushirika.
Sisomi namba moja. Nasoma mteremko wa wiki sita,
mdogo, kama wa njia iendayo bwawani:
ukitembea kwa miguu huuoni.
Panda baiskeli,
acha kukanyaga.