Daftari la Kilomita

Lilizimika katikati ya mlima wa Nyang'ori,
likifuka moshi wa buluu,
likigonga kama kijiko ndani ya sufuria tupu.
Nilifungua boneti kama mtu anayejua.
Sikujua.

Lilivutwa kwa kamba mpaka Chavakali,
kwa Fundi Endovo, nyuma ya duka la mbao,
pale udongo umekunywa oili hata nyasi zikasusa.
Hakuuliza gari limefanya nini.
Aliuliza, "Wewe umelifanya nini?"

Akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha,
akakichomoa tena, akanisogezea puani.
Lami.
"Hii si oili, mwalimu. Hii ni kesi."

Siku ya pili nilizikuta silinda nne ziko wazi,
mashimo manne, na kila shimo lina la kusema.
"Hapa pistoni inashuka, inavuta pumzi:
hewa na mvuke wa petroli,
kidogo, haitoshi kulowesha kidole.
Valvu inafunga mlango.
Pistoni inapanda, inaibana ile pumzi
mpaka haina pa kukimbilia.
Ndipo plagi inapiga cheche.
Usidhani ni moto wa jikoni. Ni ngumi!
Pistoni inatupwa chini, kranki inazunguka,
na kuzunguka huko ndiko kulikokufikisha
shuleni, sokoni, matangani.
Kisha inapanda tena, inafukuza moshi nje.
Vuta, bana, lipuka, toa.
Ukipanda Nyang'ori, kranki huzunguka mara elfu tatu kwa dakika.
Na kati ya chuma na chuma kuna nini?"

Nilinyamaza kama mwanafunzi wangu wa nyuma kabisa.

"Utando. Mwembamba kuliko wa maziwa yaliyopoa.
Huo ndio oili.
Ukikauka, ndugu wanaanza kulana."

Nilipitisha kidole kwenye ukuta wa silinda.
Ukucha ukakwama.

"Gari hili nalijua," akasema, amenipa mgongo.
"La mzee Kisanya. Kila kilomita elfu tano alikuwa hapa,
hata oili ikiwa bado na rangi ya asali.
Tulimcheka. Tazama kwenye dashibodi,
alikuwa na daftari."

Miaka miwili nimelibeba daftari lile bila kulifungua,
nikidhani ni la michango ya kanisa.
Mwandiko wa baba, umelala upande kama mahindi baada ya mvua:

*84,210. Oili, filta.*
*89,200. Plagi ya tatu imeungua. Badilisha zote.*
*Mkanda wa feni una ufa. Usingoje.*
*94,150. Oili, filta. Presha yangu 170. Kliniki, wiki ijayo.*
*98,900. Oili. Maji ya rejeta. Kliniki, wiki ijayo.*
*103,412. Oili, filta, breki za nyuma. Kliniki*

Hapo kalamu iliishiwa wino, au alikuja mgeni.
Kando ya kila oili kuna alama ya vyema.
Kando ya kliniki hakuna kitu.

Na chini yake, kurasa nyeupe:
zangu,
kilomita elfu kumi na tisa za kurasa nyeupe.

Endovo alinitajia bei ya pistoni, gasketi, kuchonga silinda.
Nilipiga mluzi.
"Oili ilikuwa bei ya kuku," akasema.
"Kuku ulimnyima. Sasa lete ng'ombe."

Nilileta. Ng'ombe mwenyewe, yule mwekundu.

Wiki tatu baadaye niligeuza ufunguo.
Likakohoa mara moja, likatulia,
likanguruma chini chini kama paka aliyesamehe nusu.
Endovo alisikiliza kwa kichwa kilichoinama,
akakaza skrubu moja ambayo mimi sikuiona,
akasikiliza tena.

Nililiweka daftari juu ya usukani.
*122,430. Oili, filta.* Nikatia vyema.
Kisha, mstari wa pili, *Kliniki*,
nikakaa na kalamu, injini ikitetemesha mkono,
nikitafuta tarehe
isiyoitwa wiki ijayo.