Konzi

Mama mkwe wangu, Pi Thangzuali, hapiki wali
kabla ya kutenga konzi moja koponi.
"Ya kanisa," husema, akafunika.
Asubuhi konzi, jioni konzi,
huku ukungu wa Aizawl ukipanda ngazi
na kuketi dirishani kama mgeni asiyebisha hodi.

Mimi, mwaka ule wa kwanza, nilihesabu mengine:
alivyoonja mchuzi wangu akanyamaza,
alivyolifua upya shati nililokwisha kulifua,
alivyoniita kwa jina la mchumba wa zamani wa mwanawe,
mara mbili, mbele za watu.
Nilisali, ndiyo. Nilisali abadilike.

Jumatano moja, tumetoka ibadani, niliropoka.
Siyarudii. Mume wangu alitazama viatu vyake.
Mama alikunja ngumi,
nami nikainamisha kichwa, nikingoja konzi.

Akaenda jikoni.
Nikasikia mchele ukidondoka koponi
punje kwa punje,
maana mkono ulikuwa ukimtetemeka.

Jumamosi wakaja akina mama wa kanisa na gunia.
Mimi ndiye niliyelinyanyua kopo. Zito!
Nikamimina, nikitafuta kwa macho
konzi ya Jumatano ile.
Mchele mtupu, mweupe wote.

Sijawa mpole. Jana tu nimebamiza mlango.
Ila siku hizi nikipika
mkono wangu hushika, hukunja, hutenga,
na neno lililokwisha kufika ulimini
hurudi nalo.

Juzi aliniita Rinpuii.
Ndilo jina langu.
Labda aliteleza.
Niliitika.