Ukurasa wa Daftari

Chupa ya kwanza aliileta Lugembe kutoka Makoroboi,
kioo cheusi, kifuniko cha dhahabu.
"Mafuta ya ubani halisi, mama, wa Bosaso,"
kwa bei ya ndoo mbili za dagaa.

Pua yangu mimi ilisomea Mwaloni, Kirumba.
Miaka kumi na tisa nanusa gunia kabla ya mzani;
najua chumvi inavyomsitiri samaki aliyechina.

Nikachana ukurasa wa daftari la Nyanzobe,
nikadondosha tone,
nikaubana kwa jiwe dirishani,
maana upepo wa ziwa hauna adabu.

Usiku nikaunusa: ndimu,
kisha pilipili manga,
kisha jiko la chipsi.

Asubuhi doa lipo, duara, linang'aa,
na karatasi ndani yake imekuwa kioo:
nikasoma hesabu ya upande wa pili,
saba mara nane, hamsini na nne.
Waongo wawili, ukurasa mmoja.

Nilianza na mtoto.
Lugembe nilimpigia baadaye:
alizeti ninayo jikoni, baba.

Chupa ya pili haikuwa hata na lebo.
Zamzam alinimwagia kwanza punje kiganjani,
machozi ya mti, manjano, yana vumbi.
"Aliyeniuzia namjua," akasema.
"Mlima ulikotoka siwezi kukuapia."

Tone lake likaondoka kabla meli ya Ukerewe haijapiga honi.
Karatasi ikabaki karatasi.
Ya nyuma sikuyaona, ilibidi nigeuze:

hamsini na sita,
wino bado mbichi.