Kizibo cha Tatu

Alhamisi, kabla orodha haijabandikwa mlangoni,
mji umekwisha kuniteua na kunitema mara mbili.
Kwenye bucha ya Kyalo, kando ya Barabara ya Ngong,
mbavu zinalia juu ya makaa
na fundi wa friji anapanga timu ya taifa kwa vizibo vya soda.
Kizibo chekundu ni mimi. Cha kijani ni Ambani.
"Mzee amechoka," asema, akinisukuma hadi kwenye kachumbari.
"Amechoka, lakini mkono wake hautetemeki,"
ajibu mama muuza mihogo, asiyekosa mechi
tangu marehemu mumewe avunjwe pua uwanjani, akaimaliza mechi.
"Laini-auti si mbio. Ni shabaha."
"Kijana ana miguu!"
"Miguu hata mbuni anayo."
Hawanijui. Nimevuta kofia, nangoja nusu kilo.

Mimi ndiye niliyemfundisha Ambani kurusha.
Miezi saba tulilenga alama ya chaki
kwenye ukuta wa choo cha klabu,
mpaka mtunza uwanja akatuficha chaki.
Nilimwambia: mpira usiutupe, utume,
kama unavyomtuma mtoto dukani
ukijua atarudi na chenji.
Alicheka. Kisha akaanza kugonga alama
mara tisa kwa kumi.
Mimi, siku nikiamka vizuri, nane.

Jumanne tuliingia skramu, yeye upande ule, mimi huku,
kikosi cha kwanza na cha pili,
na kipi ni kipi hakuna aliyetuambia.
Inama. Shika. Ingia!
Sikio langu, lililokwisha kuwa andazi,
likasuguana na lake, ambalo bado ni sikio.
Hapo nikasikia bega lake: ko!
Kama kabati inayofungwa usiku na mtu asiyetaka kuamsha watu.
Hakulia. Alinipumulia shingoni,
"Kaka, usiseme."

Leo kocha ameniita kando ya mapipa ya maji.
Ana kalamu, ana karatasi,
na katikati ya mapropu wawili pana pengo
la upana wa mtu mmoja.
"Wewe ndiye unayekaa naye. Kijana yuko sawa?"

Neno moja tu lingetosha.
Upande wa kusema walikuwa wengi:
karo ya muhula wa pili, marupurupu ya safari,
mama kule Butere na redio yake iliyofungwa kwa mpira wa ndala,
akingoja jina langu lisomwe mara moja tena.
Upande wa kunyamaza palikuwa na alama ya chaki.
Na bega lenyewe, je, halina kura?
Likichomoka Jumamosi chini ya watu kumi na watano,
nitasema nilikuwa muungwana?

Nikasema, "Mwite, tumuulize mbele yangu.
Ukimaliza bega lake
uniulize mimi goti langu."

Kocha akaifunika kalamu.
Kwa muda mrefu aliangalia miguu yangu
kama mtu aliyeuziwa ng'ombe gizani.

Ijumaa, orodha. Nambari mbili:
kijana wa Nakuru, jina refu, herufi moja imekosewa.
Ambani alisoma, akasoma tena,
akapita karibu yangu kana kwamba mimi ni mlingoti.
Hadi sasa hanisemeshi.

Kwa Kyalo, jioni, kelele zilikuwa mpaka barabarani.
"Huyu ni nani? Nani amewahi kumwona?"
"Siasa hizo!"
"Siasa gani, mwanangu, kula nyama."
Fundi wa friji alikuwa ameshika vizibo vyake viwili,
chekundu na kijani,
akipapasa meza kutafuta cha tatu.

Nikamaliza soda yangu.
Nikampa.