Subana Puani

Mchoro ulinijia umefunga vitumbua,
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu, asubuhi,
ukurasa wa kitabu fulani cha zamani cha watoto:
bawa limelowa mafuta, vipimo vinasomeka,
na mkia, basi, mkia umechanwa,
labda umekwenda na vitumbua vya mtu mwingine.

Mimi fundi cherehani. Kipande kikikosekana nakikisia.
Nimewahi kukata koti la mtu aliyeleta picha tu.
Nikasema, eropleni ndiyo itanishinda?

Mbao sikununua. Semboja, mlinzi wa shamba kule Pongwe,
aliniletea mlingoti wa mkonge, mkavu,
mrefu kunizidi mara mbili, mwepesi kama ahadi.
Nikauchana kwa wembe. Unga wake ukanikaa kwenye kope.
Mbavu kumi na nne za bawa; nilivunja tisa.
Gundi ilishika vidole vyangu kabla haijashika kitu.
Karatasi ya tiara, nyekundu. Mpira wa manati.
Pangaboi nililichonga mara tatu,
na hilo la tatu ndilo lililokubali kuzunguka.

Huku magauni ya harusi ya Chumbageni yananingoja,
manne, yamening'inia ukutani kama mashahidi.
Mama wa bibi harusi aliingia, akaona bawa mezani.
"Hiki cha nani?"
"Changu."
Akanyamaza, ule unyamavu wa kuhesabu siku zilizobaki.

Jumapili tukaenda penye uwazi, kando ya mkonge.
Nikausokota mpira, Semboja akihesabu kwa sauti
mpaka themanini.
Nikaachia.
Ilipanda. Ilipanda mno.
Ikasimama hewani kama mtu aliyeingia chumbani
akasahau alichofuata,
kisha ikarudi kinyumenyume, mkia mbele,
puu!

Mkia wangu wa kukisia ulikuwa mzito:
niliutengeneza kwa wasiwasi, gundi juu ya gundi.
Semboja akaiegemeza ndege kwenye ncha za vidole viwili,
kila bawa kidole chake. Pua ikainuka.
"Ona inavyoringa. Itie kitu puani."
Sarafu ilizidi. Kifungo kilipungua.
Nikavua subana kidoleni.

Nimezoea uzi mimi.
Hata tiara ya utotoni nilijua iko wapi
kwa mvuto tu, bila kutazama juu.
Hii ilipotoka mkononi kidole kikabaki kinangoja,
kinangoja mvuto,
haukuja.
Ilikwenda yenyewe juu ya safu za mkonge,
nyekundu, ikivuma kama nyuki ndani ya kopo,
sekunde kumi na moja. Semboja anasema kumi na tatu,
naye hana saa.
Nilipiga kigelegele, mtu mzima na miwani yangu.
Ikatua juu ya mwiba.

Tundu la bawani nimelitia kiraka.
Subana haikuonekana; tulipekua majani
mpaka Semboja akakumbuka kwamba ana lindo.

Leo namalizia gauni la nne kwa kidole kitupu.
Sindano imenichoma mara mbili.
Ndani ya pindo, pale ambapo hata mwenye gauni hatapageuza,
kuna tone dogo,
jekundu kama karatasi ile.
Sikulifua.