Soli ya Kushoto

Mimi fundi viatu, njia panda ya Uyole,
pale barabara inapochanika kama suruali:
mguu mmoja Tukuyu, mguu mmoja Iringa.
Watu nawajua kwa visigino.

Ambakisye nilimjua kwa daluga ya kushoto,
imeliwa upande wa nje
kama ya mtu anayekimbia huku akikwepa deni.
Asubuhi alipakia viazi, lumbesa,
magunia yenye vilemba.
Jioni, beki wa kushoto wa Pareto FC,
daraja la pili, uwanja wenye mteremko,
ambako kabla ya kupiga kona ya chini
sharti umfukuze mbuzi wa mzee Mwashiuya.
Wauza mchicha walimwita Beki Tatu, wakacheka
kama wanaoagiza mfanyakazi wa ndani.
"Abee mama," akajibu, akapita na gunia.

Kila Alhamisi alileta daluga.
Nilishona kwa jero, siku nyingine kwa kabichi.
Safari zake nilizisoma kwenye njumu:
changarawe ya Makambako, tope jeusi la Tukuyu,
vumbi la Vwawa, rangi ya chai ya maziwa.

Kisha redio ikataja jina lake.
Wanasema gari la kocha fulani lilipata pancha,
akaketi juu ya jiwe, akatazama mechi
kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kutazama.
Timu ya taifa! Hiyo hiyo
ambayo kwenye orodha ya dunia
msomaji mwerevu huanza kuitafuta kutoka chini.

Alikuja usiku, simu mdomoni, inamulika.
"Fundi, shona mpaka mwisho wako."
Nikashona mara mbili. Nta. Uzi wa nailoni,
ule wa kushonea maturubai ya malori.
Niliona aibu kumchaji. Nikamchaji.

Tulitazama kwa Tuntufye, kibanda cha chipsi,
mafuta yakichemka bila kiazi ndani.
Dakika ya sabini na tisa ubao ukainuliwa:
ishirini na mbili.
Uyole ikapiga kelele, malori yakafunga breki.
Aliingia mbio kama aliyechelewa kibarua.
Pasi. Pasi nyingine. Akaupiga mmoja kichwa, ukatoka.
Dakika ya themanini na nane akaja winga wao,
kijana wa daluga za rangi ya karoti.
Ambakisye akageuka naye
na soli ikabaki pale alipokuwa.

Wengine walitazama mpira.
Mimi niliona kiatu kikifumbua mdomo
kama mtoto anayejiandaa kulia,
na ndani ya mdomo, uzi.
Wangu.

"Ameteleza," akasema mtangazaji. "Uzoefu mdogo."
Tuntufye akatia viazi kwenye mafuta.

Alhamisi ya pili yake akaja.
Akaiweka daluga mezani.
Kati ya njumu, nyasi: nyembamba, kijani cha ajabu,
nyasi ambazo hazijawahi kuonwa na mbuzi.
Nikasema, "Uzi ulikuwa wangu."
Akatazama lori likipakiwa ng'ambo.
"Mguu ulikuwa wangu," akasema.
"Shona. Jumamosi tuna Vwawa."

Hakuitwa tena.
Alicheza miaka sita, mpaka magoti yakawa yanalia
kabla ya filimbi. Jezi ile
mama yake ameifungia na hati ya shamba,
haivaliwi, haifuliwi.
Nyasi sikuzitupa. Zimo kwenye kopo la nta,
na kila nikivuta uzi hutoka moja, imekauka.

Wenzake walitundika daluga. Yeye zake
amempa mpwa wake, Anyosisye, miaka kumi na nne,
anayejaza pamba mbele ili zimtoshe.
Leo kaniletea.
Zimeliwa nje, kama zamani.
Lakini kijana huyu anakanyagia ndani,
nami nimeshika sindano tangu saa nne,
sijui nifuate mguu upi.