Mstari wa Nne

Mkebe wa kwanza ulinuka siki.
Ndivyo filamu inavyokufa: inakuwa achari,
inajikunja kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa juani.
Wa pili, kutu na mende aliyekauka.
Wa tatu ukafunguka,
na Jinja ya sitini na nane ikatutazama
bila sauti.

Tulikuwa na hivi: dakika kumi na tisa za picha,
karatasi mbili za mashairi, pembe zimeliwa na mchwa,
na penseli ya Bwana Lobo, fundi wa projekta, pembezoni:
hapa punguza taa. hapa Odwori anaingia.
Lobo aliondoka na sanduku moja, mwaka ule wa kuondoka.
Mikebe akaiacha chini ya jukwaa, juu ya matofali,
maji ya mvua yasiifikie.
Mtu anafukuzwa, na bado anafikiria mvua.

Muziki tuliusoma mikononi.
Wapigaji sita, embaire juu ya shimo lake,
magogo ya msambya, pigo kwa pigo, picha kwa picha.
Tenywa akachimba shimo uani kwa kiwanda kilichofungwa.
Siku tatu wimbo ulitoka kichwa chini.
"Baba hakutumia mkono wa kushoto," akasema mwishowe,
akacheka mpaka akakaa mavumbini:
filamu tulikuwa tumeigeuza,
tunamtazama mzee kwa upande wa mgongo.

Likabaki shairi.
Odwori, mtu wa chumba cha kusokotea nyuzi,
haonekani popote. Alisimama kati ya mwanga
na shuka nne za kiwanda zilizoshonwa pamoja;
kivuli chake kilikaa hapo usiku mmoja tu.
Na mchwa wametuachia ubeti wenye pengo:

    Pamba tuliyoipanda, yauzwa kwetu dukani,
    Mchana nyuzi twaunda, usiku twazitamani,
    Shati langu limekonda, lahesabu mbavu ndani,
    . . . . . . . .

Tuligombana wiki nzima.
Mwalimu Wandera akaleta mistari mitatu, vina vimenyooka.
Mimi nilitaka neno kali, la kumpeleka mtu jela;
nilishaamini limefutwa na wakubwa, si mchwa.
Tukaenda Walukuba kwa Kagoya,
aliyekata tiketi usiku ule, mimba ya miezi minane.
Akavaa miwani. Akaufuata ubeti kwa kidole.
"Hapa," akasema, "hapa alikohoa."

Tukangoja.

"Alikohoa mpaka picha ikampita.
Wapigaji wakarudia palepale, wakarudia.
Lobo akashika gurudumu kwa kidole gumba,
mto ukasimama kwenye shuka, ukaanza kuungua katikati,
tundu la kahawia, linakua.
Pamba ilikuwa kifuani mwake.
Mstari? Kama ulikuwepo, alirudi nao nyumbani."

Tundu lile tulilijua.
Tulikuwa tumeliziba kwa gundi, tukapongezana.

Usiku nikaiweka tena karatasi juu ya taa.
Kando ya pengo, penseli nyepesi mno: hapa ngoja.
Kumbe alijua. Kumbe ilikuwa hivyo hata kwenye mazoezi.

Ijumaa tutawasha. Gundi tumeibandua.
Adongo atasoma mistari mitatu, atanyamaza,
Tenywa na wenzake watazunguka palepale.
Kwa muda gani, hatujui.
Lobo hakuandika.